Siga chungu, inawaka upande mmoja: kosa ni lake au ni langu?

"Shemeji yangu anayeishi Dallas aliniletea kisanduku cha siga kumi mwezi wa Machi. Ni nyeusi, fupi na nene. Kisanduku kimeandikwa Nicaragua, maduro na robusto. Nilikiweka kabatini hapa Nakuru, Section 58, hadi majuzi nilipowasha moja baada ya nyama choma. Ilipasuka nilipoikata, ikawaka upande mmoja, ikawa chungu kama kwinini, na kabla sijafika nusu jasho linanitoka na kichwa kinazunguka. Ya pili wiki iliyofuata, vilevile. Rafiki mmoja anasema nyeusi ndizo kali, niwaachie wazee waliozoea. Mwingine wa Kisumu anasema zake huziacha mezani tu, na kama zangu zimekauka nizitie kwenye friji au nizipake brandi. Wa tatu anasema kwa kuwa si za Cuba, basi ni za bei rahisi. Nimekulia Malakisi, baba alilima tumbaku na nimebeba kuni za banda tangu utotoni, kwa hiyo nilidhani tumbaku naijua. Desemba kaka yangu anastaafu na nataka kuzitoa nane zilizobaki. Nitajuaje kama ni siga nzuri, au nitaaibika mbele ya watu?"

Ndugu, wasiwasi wako ni kwamba huenda shemeji alikuletea takataka, na kwamba utaligundua hilo mbele ya wageni. Kwa dalili ulizotaja, siga hiyo hujaionja bado. Ulichoonja ni ukavu na joto. Siga ikiharibika mdomoni, kosa ni la mmoja kati ya watu watatu: aliyeisokota, aliyeihifadhi au anayeivuta. Kazi ya kuonja ni kumtambua huyo mmoja kabla ya kutoa hukumu. Kupasuka wakati wa kukata na kuwaka mbio upande mmoja kunaelekeza kwenye kabati lako. Jasho na kizunguzungu ni nikotini, na hilo ni la mvutaji. Uchungu mmeugawana wewe na kabati. Msokotaji wa Nicaragua bado hana kesi.

Tuanze na tumbaku unayoijua, maana itakusaidia mahali pamoja na kukupotosha mahali pengine. Tumbaku ya sigara za pakiti inayokaushwa kwa joto la mabomba, kuni zikiwaka nje ya banda, hukauka kwa siku chache tu. Joto hilo huliwahi jani likiwa bado na sukari yake, ndiyo maana linatoka la manjano. Moshi wake una asidi kidogo, na nikotini iliyo kwenye moshi wa namna hiyo haipenyi vizuri ngozi laini ya mdomo. Mvutaji wa sigara analazimika kuuvuta hadi mapafuni ndipo aisikie.

Jani la siga hupita njia nyingine. Hutundikwa kwenye banda lenye hewa, bila moto, kwa wiki sita hadi nane hivi, likibadilika polepole kutoka kijani hadi manjano hadi kahawia, huku likiitumia sukari yake. Kisha majani hurundikwa marundo makubwa na kuvundikwa. Rundo hupata joto lenyewe kama samadi mbichi iliyolundikwa. Likizidi joto linafumuliwa na kupangwa upya, la ndani likaenda nje. Wakati huo amonia inatoka na ukali wa jani unapungua. Kazi hii huchukua miezi, na kwa majani mazito hata miaka. Moshi unaopatikana mwishoni una alkali, na nikotini yake hupita moja kwa moja kwenye ngozi ya mdomo. Kwa hiyo siga haimezwi. Ukiuteremsha moshi wake mapafuni kama wa sigara, unapokea mara mbili, mdomoni na kifuani, na jasho ulilolieleza ndilo jibu la mwili.

Sasa lile linalokusaidia. Unakumbuka majani yalivyochumwa kuanzia chini ya mche kwenda juu, wiki baada ya wiki. Kwenye siga, mpangilio huohuo ndio unaoamua ukali. Majani ya chini, yanayoitwa volado, ni mepesi na kazi yake kubwa ni kusaidia kuwaka. Ya katikati, seco, yana harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua kuliko mengine, ni mazito, yanawaka polepole na ndiyo yenye nikotini nyingi. Msokotaji huyachanganya kuwa kiini, ligero akiliweka katikati kabisa, akayafunga kwa jani moja imara, kisha akavisha jani la nje lililo zuri kuliko yote.

Jani la nje ndilo pekee unaloliona, na hapo ndipo rafiki yako wa kwanza anapokosea. Neno maduro linahusu jani hilo la nje: limevundikwa zaidi na kwa joto zaidi hadi likawa jeusi, na mara nyingi huleta utamu wa kakao au sukari guru. Linaweza kufunika kiini kikali au kiini laini, na rangi haitakuambia kipi. Zipo siga za rangi ya chai ya maziwa zinazomwangusha mtu mzima kwenye kiti.

Kuhusu Cuba, sitachukua muda wako mwingi. Marekani iliweka vikwazo vya biashara na Cuba mwaka 1962, kwa hiyo siga iliyonunuliwa kihalali katika duka la Dallas haiwezi kuwa ya Cuba. Hilo si kasoro. Estelí na Jalapa huko Nicaragua, bonde la Cibao katika Jamhuri ya Dominika, na Honduras hutoa siga za kiwango cha juu kabisa. Kwa hakika, mtu angekuletea kutoka Marekani kisanduku chenye mfuniko wa kioo kinachodai ni Cohiba ya Havana, hapo ndipo ningekuwa na shaka: mfuniko wa kioo ni mojawapo ya alama za bidhaa bandia zinazojulikana sana.

Turudi kabatini. Siga hutunzwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, joto halikusumbui sana. Ukavu ndio tatizo. Mchana wa Januari na Februari upepo unapotimua vumbi, na hata siku nyingi za kawaida ifikapo saa nane, hewa ya nyumba hushuka chini kabisa ya kiwango hicho. Jani hunywa na kutoa unyevu bila kupumzika. Likikauka linakuwa gumu, kwa hiyo kisu kinalipasua. Linawaka haraka na kwa joto kali, na joto hilo linaunguza mafuta na sukari zilizobeba ladha. Unachobaki nacho ni uchungu wa masizi. Ukavu hauingii sawasawa pande zote, na upande uliokauka zaidi hukimbia mbele. Dalili zako zote mbili zinatokana na jambo hilo moja.

Rafiki yako wa Kisumu hasemi uongo. Hewa ya ziwa ina unyevu zaidi, na siga iliyoachwa mezani Milimani ya Kisumu haitapasuka upesi kama yako. Lakini naye ana deni lake. Joto la huko hupanda hadi karibu nyuzi 30, na mayai ya mdudu wa tumbaku, ambayo huenda yamo ndani ya jani tangu shambani au ghalani, huanguliwa joto likipita takriban nyuzi 23. Mdudu huyo ni mbawakawa mdogo wa kahawia, ndugu wa karibu kitabia wa fukusi wa mahindi: anatoboa tundu dogo la mviringo na kuacha unga. Siga iliyolowa nayo ina shida zake. Inazimika, inavutika kwa taabu na kuwa na ladha ya mchanga uliochacha. Akizileta Nakuru zake na wewe ukapeleka zako kwake, kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Friji hukausha hewa yake, na siga hunusa kila kilichomo. Siku mbili karibu na omena na vitunguu zinatosha kukupa siga ya omena na vitunguu. Brandi nayo ni mbaya zaidi: inalowesha jani la nje pekee, na jani hilo likivimba wakati kiini bado kikavu, linachanika. Wapo pia wanaoweka kipande cha tufaha au kiazi ndani ya kisanduku. Utapata unyevu siku ya kwanza na kuvu wiki ya pili.

Kuzifufua kunawezekana, ila kwa subira. Tafuta mkebe wa plastiki wa chakula wenye mfuniko unaobana kabisa, mpya au uliooshwa na kuanikwa hadi hauna harufu. Weka kisanduku cha siga ndani kikiwa wazi kidogo. Ongeza kipima unyevu kidogo cha kidijitali na pakiti ya kudhibiti unyevu, zile zenye namba zinazotoa na kunywa unyevu zenyewe hadi zifike kiwango kilichoandikwa. Huagizwa mtandaoni, au mwambie shemeji atume. Pakiti moja ya gramu 60 inakutosha na kubaki. Anza na ya namba 62 kwa wiki mbili, kisha weka ya 65 kwa wiki nne zaidi. Usiruke hatua ya kwanza. Ukiikimbiza siga kavu, nje inavimba kabla ya ndani. Wengi hupendekeza 69. Kwa maoni yangu 65 huwaka vizuri zaidi na husamehe makosa ya mvutaji mgeni.

Ukikosa pakiti, tumia sponji mpya ndani ya kikopo kilichotobolewa, ilowe kisha uikamue hadi isidondoshe, isiguse siga. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ya mfereji yataacha chumvichumvi kwenye sponji na kukaribisha kuvu, na hapa sizungumzii floridi ya Nakuru inayopaka meno rangi, bali madini yote kwa jumla. Sponji haina akili ya kujizuia kama pakiti, kwa hiyo angalia kipimo kila siku na uitoe kikipita 68.

Kipima unyevu chenyewe kinadanganya mara nyingi. Kijaribu hivi: jaza kifuniko cha chupa kwa chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji hadi iwe kama mchanga uliolowa lakini isiyeyuke yote, kisha ifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa usiku mzima na mchana wake. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano na uhesabu hivyo siku zote.

Onyo moja kuhusu mafundi wetu. Ukimwambia fundi wa Nakuru akutengenezee kisanduku cha siga cha mbao ya mwerezi, atakuletea mutarakwa, na kitakuwa kizuri machoni. Mbao inayotumika kwa visanduku vya siga huitwa mwerezi wa Kihispania, lakini ni mti wa jamii ya mkangazi, wenye harufu ya upole. Mutarakwa ni mti tofauti kabisa, una mafuta makali, na siga zitakazolala humo zitaonja kama kabati la nguo za bibi harusi. Mkebe wa plastiki hauna fahari, lakini hauharibu kitu.

Ukiona vitundu, funga siga zote ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uweke kwenye friza kwa siku tatu au nne, kisha friji ya kawaida siku moja zikiwa bado zimefungwa, kisha nje siku moja kabla ya kufungua. Huo ndio wakati pekee ambapo baridi inakubalika. Ukiona weupe juu ya jani, chukulia ni kuvu hadi ithibitike vinginevyo. Kuvu ina manyoya, huja kwa madoa, na hugeuka kijani au bluu. Ikiwa kwenye jani la nje tu, ifute kwa kitambaa kikavu. Ikiwa imeingia mwisho ule wa kuwashia, tupa siga hiyo.

Baada ya wiki hizo sita, chukua moja na uionje kama mtu anayepima, si kama mtu anayesherehekea. Chagua saa ya jioni isiyo na upepo. Upepo pekee unatosha kuifanya siga nzuri iwake upande mmoja, kwa hiyo usijaribie ukingoni mwa Menengai. Uwe umekula, lakini nusu saa iwe imepita na kachumbari ya pilipili imeoshwa mdomoni. Kando yako weka maji ya kawaida, au chai ya rangi isiyo na sukari. Bia baridi hufisha ulimi. Iache hadi umalize kuandika ulichoonja.

Itazame kwanza. Robusto ni inchi 5 kwa urefu, na unene wake hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi: namba 50 ina maana ya 50/64, karibu milimita 20. Jani la nje liwe limekaza, mshono usioinuka, mishipa myembamba, na mng'ao mdogo wa mafuta. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili kutoka kichwani, yaani mwisho uliofungwa unaowekwa mdomoni, hadi mguuni: inafaa ikubali kidogo na kurudi. Ikilia kama jani la ndizi kavu, bado haijafufuka. Ukikuta mahali palipo pagumu kama fundo, kumbuka mahali hapo, maana moshi utakwama hapo. Palipo laini sana, msokotaji alipunja majani, na moto utakimbia. Kisha nusa mguu, yaani ule mwisho ulio wazi. Nyasi kavu, ngozi, kakao, zizi la ng'ombe lililo safi: yote haya ni sawa. Amonia inayochoma pua ni dalili ya jani ambalo halikuvundikwa vya kutosha, na hilo ndilo kosa la kwanza unaloweza kumwandikia mtengenezaji.

Kata kichwa kwa kikatio chenye makali, milimita 2 hivi tu, juu ya mstari ambapo kofia, kile kipande cha jani kilichofunika kichwa, inaishia. Ukishuka chini ya mstari huo, jani la nje linafumuka mkononi. Kisu cha jikoni na meno ni chanzo kingine cha kupasuka. Kabla ya kuwasha, vuta hewa. Mvuto mzuri unakinza kidogo, kama kunywa uji mwepesi kwa mrija. Ukiwa kama uji mzito, siga imekazwa mno au imelowa. Ukiwa kama kunywa maji kwa bomba, itawaka kwa joto. Ladha ya mvuto huu wa baridi iandike, kwa sababu baadaye utaisahau.

Washa kwa kiberiti cha gesi ya butani, au njiti ndefu baada ya kichwa chake cha salfa kuungua chote. Kiberiti cha petroli na mshumaa vyote huacha ladha yake. Shikilia moto chini kidogo ya mguu bila kuugusa, zungusha polepole hadi ukingo wote uwe mweusi na uanze kung'aa. Sekunde 15 au 20. Hapo ndipo uiweke mdomoni na kuvuta taratibu ukiendelea kuizungusha. Puliza mguuni uone: wekundu uwe mduara kamili. Sehemu iliyo nyeusi irekebishe sasa hivi. Nusu ya matatizo ya kuwaka upande mmoja huzaliwa katika dakika hii.

Kisha polepole. Mvuto mmoja kwa dakika, au kila sekunde 45. Robusto huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Kama yako ilifika nusu kwa robo saa, uliivuta kama sigara, na joto lake pekee lingetosha kukupa ile kwinini hata kama isingekuwa kavu. Acha moshi mdomoni kwa sekunde mbili tatu, uutoe.

Ulimi wenyewe unajua mambo machache: tamu, chachu, chumvi, chungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote ni kazi ya pua. Bana pua ukila njugu karanga na utaona zinabaki kama unga wenye mafuta. Ndiyo maana waonjaji hupitisha moshi kidogo puani: unautoa mwingi kwa mdomo, unafunga midomo, na kilichobaki unakisukuma kwa upole kupitia pua, bila kuvuta pumzi ndani. Mara moja kila mivuto mitano inatosha. Mwanzoni utasikia pilipili manga tu. Ikitulia, vitu vingine vinajitokeza.

Vitaje kwa majina ya vitu unavyovijua. Maneno ya matangazo ya Ulaya yenye matunda ambayo hujawahi kuyaonja hayatakusaidia. Je, ni simsim iliyokaangwa, au simsim iliyoungua? Ni sukari guru, au asali? Ni udongo baada ya mvua ya kwanza, ngozi ya kiatu kipya, ganda la njugu, kahawa nyeusi, mbao iliyorandwa leo? Na uchungu pia una daraja. Uchungu wa mnavu uliopikwa vizuri unaingia, unakaa kidogo na kuondoka, ukiacha hamu. Uchungu wa sufuria iliyoungua unakwaruza koo na kukaa. Wa kwanza ni ladha. Wa pili ni hitilafu.

Tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Ukali ni nikotini, unausikia tumboni na kichwani. Uzito ni unene wa moshi mdomoni, kama tofauti ya maziwa ya ng'ombe na ya ngamia. Ladha ni wingi na uwazi wa hayo majina uliyoandika. Siga inaweza kuwa nzito na yenye ladha nyingi bila kuwa kali.

Igawe kwa theluthi. Ya kwanza hukupa utambulisho, mara nyingi na pilipili. Ya pili ndiyo moyo wake, na siga nzuri hubadilika hapo: kitu kilichokuwa nyuma kinakuja mbele. Ya tatu huwa kali na moto zaidi kwa sababu unyevu na lami vimekusanyika kuelekea kichwani. Siga yoyote huharibika mwishoni. Tofauti ni kwamba nzuri inakufikisha mbali kabla ya hapo. Ikianza kuwa chungu, puliza nje taratibu kupitia siga yenyewe kutoa moshi mchafu, iache dakika mbili, ujaribu tena. Ikibaki chungu, iweke chini. Hakuna tuzo ya kuimaliza. Usiibonde kama sigara. Ilaze tu, itajizimia bila kunuka.

Majivu yasikuhangaishe. Weupe wake hutegemea zaidi madini ya udongo kuliko ubora. Kinachofaa kutazama ni kama yanashikana hadi sentimita 2, kwa sababu majivu yanayoshikana yanaonyesha majani marefu kamili ndani. Yakidondoka kama unga wa mahindi na vipande vikaingia mdomoni, kiini ni cha makombo. Mstari wa moto ukienda mshazari, geuza upande unaochelewa uwe chini, kwa kuwa hupata hewa zaidi, na upunguze kasi. Ukizidi sentimita moja, gusa upande huo kwa moto. Kurekebisha mara moja ni kawaida. Mara nne kwenye siga iliyohifadhiwa vizuri, mtengenezaji ana la kujibu.

Kwa alama, tumia 20 tu. Mizani ya 100 hukupa uhakika wa uongo. Ningeweka 3 kwa sura na usokotaji, 4 kwa mvuto, 3 kwa uwakaji, 7 kwa ladha na mabadiliko yake, na 3 kwa kinachobaki mdomoni dakika tano baadaye. Andika kila theluthi papo hapo. Na kwa kuwa jina hushawishi ulimi, vua pete ya karatasi kabla ya kuanza, au mwombe mtu akupe siga mbili zilizovuliwa pete. Ivue taratibu, usije ukachana jani. Usihukumu kisanduku kwa siga moja. Ni kazi ya mikono, na moja kati ya kisanduku inaweza kuwa na fundo huku nyingine zikiwa safi.

Kuhusu kizunguzungu. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara, kwa hiyo mwili wako haukuwa na wasiwasi wa bure. Likikupata tena, acha kuvuta, kaa penye hewa, kunywa maji, na ule kitu chenye sukari. Hupita kwa kawaida ndani ya saa moja. Maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika kusikokoma au moyo kwenda mbio bila kutulia, hayo si ya kusubiri: nenda hospitali. Na kutomeza moshi kunapunguza dozi ya mapafu, hakufuti hatari. Siga huleta saratani ya mdomo, koo na umio, na saratani ya umio tayari ni mzigo mkubwa magharibi mwa Kenya. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, sauti iliyokwaruza bila mafua, au chakula kinachokwama wakati wa kumeza, mwonyeshe daktari, usimwonyeshe muuza siga. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asipewe kabisa, wala mjamzito asikae karibu na moshi huo. Aliyeacha sigara usimjaribu.

Sasa hesabu yako ya Desemba. Una nane. Onja moja baada ya wiki sita, ya pili wiki mbili baadaye, na alama zako zilinganishe. Zote mbili zikipata 13 au zaidi, sita zilizobaki zinafaa kutolewa. Zikiwa laini mkononi lakini ladha ni bapa, kama karatasi, basi ukavu wa miezi sita ulishayachukua mafuta, na unyevu hauyarudishi. Hapo zivute mwenyewe polepole, na kaka mnunulie kitu kingine. Zikiwa na mvuto mgumu zote mbili, mpelekee muuzaji mwenye chumba cha kuhifadhia siga, Nairobi, azishike mkononi; mafundo huamuliwa kwa vidole, hayaamuliwi kwa barua.

Ukizipeleka Malakisi, zisafirishe ndani ya mkebe uleule, ukiwa umefungwa, chini ya kiti, mbali na jua la kioo cha nyuma. Siku ya sherehe zitoe baada ya chakula, mbali na hema, watoto wakiwa upande mwingine. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma na kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Kama sherehe itakuwa kwenye ukumbi au hoteli, uliza mapema sehemu iliyotengwa iko wapi. Mgeni asiye na uzoefu mwambie mambo mawili tu, kwamba haimezwi na kwamba haiharakishwi. Na vipande vitakavyobaki vikusanye mwenyewe kwenye mkebe wenye maji kabla ya kulala, maana mtoto mdogo au mbwa akikitafuna kimoja, nikotini iliyomo inatosha kumlaza hospitalini.